Kukusanya saa za kifahari kwa ladha yako mwenyewe: mwongozo kamili

Mwulize mtu anayeanza kukusanya saa za kifahari anataka nini, naye atakutajia majina: Rolex, Patek Philippe, Audemars Piguet, Omega. Majina hayo yamepata heshima kwa haki. Ila jina halikuambii saa itakaaje mkononi mwako, utaivaa mara ngapi, wala kama miaka mitano ijayo bado utafurahi kuitazama. Kuna makusanyo ya saa ghali mno ambayo hayana mwenyewe, kila saa imo kwa sababu watu wengine waliisifia. Na kuna makusanyo ya saa nne tu, mbili kati yake za bei ya wastani, ambayo ukiyatazama unamjua mwenye nayo kabla hajazungumza. Haya ya pili ndiyo ninayoyatetea hapa.

Mpangilio ninaoushauri ni huu: mkono kwanza, kisha maisha yako, kisha mashine, kisha jicho. Pesa inakuja baada ya hayo yote. Anayeanza na pesa huchaguliwa saa na soko.

Hatua ya 1: Pima mkono wako

Chukua utepe wa fundi cherehani, uzungushe kwenye kifundo cha mkono pale unapovaa saa. Mkono wenye mzunguko wa sentimita 16 hadi 17 hupokea vizuri saa nyingi za kasha la milimita 36 hadi 40. Lakini kipenyo peke yake hudanganya. Kipimo chenye maana zaidi ni urefu kutoka ncha za pembe za juu zinazoshika mkanda hadi ncha za pembe za chini. Weka rula juu ya mkono, upime upana wa ile sehemu bapa. Pembe za saa zikivuka upana huo, saa itaning'inia pande zote mbili, na hakuna jina litakalokuokoa.

Usifuate mtindo katika ukubwa, maana mtindo hauna subira. Patek Philippe Calatrava ya mwaka 1932 ilikuwa na milimita 31 hivi, nayo ilikuwa saa ya mwanamume mzima. Datejust ya Rolex ya mwaka 1945 ilikuwa na 36. Audemars Piguet walipotoa Royal Oak mwaka 1972 ikiwa na milimita 39, watu waliiona kubwa kupita kiasi. Baadaye miaka ya 2000 ikaleta saa za 44 na zaidi, na sasa wengi wanarudi kwenye 36 na 38. Mkono wako haukubadilika katika safari hiyo yote.

Ukienda dukani, ivae saa kwa muda mrefu kadiri utakavyoruhusiwa, tena mchana wa joto. Mkono huvimba kwa joto, na anayeishi Mombasa, Dar es Salaam au Maskati analijua hilo kila siku saa nane mchana. Ndiyo maana nathamini sana mkanda wa chuma unaoweza kulegezwa kidogo bila vifaa. Kwenye Rolex kadhaa kuna kipande kinachoongeza milimita 5 kwa kidole tu, na kwangu mimi jambo hilo dogo lina uzito kuliko jiwe lolote la almasi. Halafu simama mbele ya kioo kirefu. Picha ya simu iliyopigwa karibu huikuza saa, wakati watu wanakuona kutoka hatua mbili au tatu.

Hatua ya 2: Andika maisha yako, halafu tafuta saa inayoyaingia

Andika kwenye karatasi mambo unayoyafanya kwa wiki ya kawaida. Ofisi? Baharini? Shamba? Safari za ndege? Sala tano?

Nianze na sala, kwa kuwa wasomaji wengi wa Kiswahili hutawadha na miongozo ya kigeni haisemi chochote kuhusu hilo. Saa inayovuliwa na kuvaliwa mara tano kwa siku huchosha mkanda wa ngozi upesi, tena matone yanayobaki huifanya ngozi inuke. Kama hupendi kuivua, chagua mkanda wa chuma au wa mpira, na kasha linalohimili maji. Kama moyo wako uko kwenye ngozi, funga kwa kishikizo cha chuma kinachokunjwa, ili ngozi isipindwe kila mara kwenye tundu lilelile, na uiweke saa hiyo kwa siku za hafla.

Kuhusu maji: maandishi ya mita 30 nyuma ya saa hayakupi ruhusa ya kupiga mbizi mita 30. Yachukulie kama ruhusa ya mvua na kunawa mikono. Anayeogelea atafute mita 100 au zaidi, na ile sehemu ya pembeni ya kutilia ufunguo iwe ya kufungwa kwa parafujo. Kasha la namna hiyo lina historia ndefu. Rolex walitoa Oyster mwaka 1926, na mwaka uliofuata mwogeleaji Mercedes Gleitze aliingia nalo kwenye maji baridi kati ya Uingereza na Ufaransa, saa ikatoka ingali inatembea.

Jambo la dhahabu nalo liamuliwe mapema. Mwanamume Mwislamu anayejizuia na dhahabu asidhani kwamba kusema “nataka ya chuma” kunamaliza swali. Ile pete yenye mifereji inayozunguka kioo cha Datejust ya chuma ni dhahabu nyeupe. Mishale na alama za saa kwenye Rolex nyingi za chuma pia ni dhahabu. Je, kiasi hicho kinakuhusu? Muulize shehe unayemwamini kabla ya kulipa. Titani na chuma chenyewe havina utata, na Grand Seiko na Omega hutengeneza titani nzuri sana.

Mwenye jamaa au biashara katika nchi mbili aangalie saa yenye mshale wa ziada wa saa 24. Rolex waliianzisha GMT-Master katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya marubani wa Pan Am, shirika la ndege la Marekani, na hadi leo hakuna nyongeza inayomfaa zaidi mtu mwenye mama Zanzibar na kazi London. Nikikumbusha tu: ukitaka kuisoma saa ya Kizungu kwa hesabu yetu, tazama tarakimu iliyo mkabala na mshale. Mshale ukiwa kwenye 7, mkabala wake ni 1, na ni saa moja. Ndiyo maana uso wenye alama 12 zilizopangwa sawasawa, bila madirisha yaliyokula namba, husomeka upesi zaidi kwetu.

Hatua ya 3: Jua ni mashine gani inayokufurahisha

Kuna saa za kutia ufunguo kwa mkono, kuna otomatiki zinazojitia ufunguo kwa mtikisiko wa mkono, na kuna za betri. Usimwache mtu akudharaulishe saa ya betri. Seiko walipouza Astron ya kwanza tarehe 25 Desemba 1969, walibadilisha biashara nzima. Uswisi ilikuwa na wafanyakazi wa saa wapatao 90,000 mwaka 1970, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walibaki kama 30,000. Leo mashine ya betri ya Grand Seiko iitwayo 9F hupoteza au kuongeza sekunde 10 tu kwa mwaka.

Saa ya springi, iwe ya ufunguo au otomatiki, haifiki hapo. Mashine iliyopewa cheti na COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi, inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku. Anayenunua saa ya springi analipia kitu kingine: springi iliyokunjwa, magurudumu yanayoachiana nguvu kidogokidogo, na kile kidude kinachopiga mara nane kwa sekunde bila waya wala chipu. Kama ukifikiria hilo moyo wako hautikisiki hata kidogo, nunua ya betri kwa amani na uwekeze kwenye kasha na uso.

Kati ya ufunguo na otomatiki, ladha hugawanyika kwa haki. Mimi napenda ufunguo. Dakika moja ya asubuhi, kidole gumba na cha shahada, na unausikia ukinzani ukipanda hadi springi ijae. Omega Speedmaster, ambayo NASA iliipitisha mwaka 1965 na Buzz Aldrin akaivaa juu ya mwezi mwaka 1969, hadi leo ina toleo la kutia ufunguo kwa mkono. Lakini mtu mwenye saa moja ya kila siku, asiyetaka kukumbuka chochote, atafurahia otomatiki zaidi.

Swali la akiba ya nguvu, yaani muda saa inaotembea baada ya kuvuliwa, halina budi kuulizwa na mwenye saa zaidi ya mbili. Saa yenye akiba ya masaa 40 ukiivua Ijumaa jioni, Jumatatu utaikuta imelala. Yenye masaa 70 itakuwa bado inatembea. Hapohapo ndipo dirisha la tarehe linapogeuka kero: kila saa iliyolala lazima uirekebishe tarehe, na saa nyingi hazitaki tarehe iguswe kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, kwa sababu meno ya gurudumu la tarehe yameshashikana. Sogeza kwanza mishale hadi nusu ya chini ya uso, ndipo ubadili tarehe. Wakusanyaji wengi huishia kupenda uso usio na tarehe kabisa, nami ni mmoja wao.

Hatua ya 4: Lifundishe jicho lako

Hatua hii ndiyo inayochukua muda mrefu zaidi, na haina njia ya mkato. Tazama saa nyingi kwa macho, kwenye maduka, kwenye mikono ya watu, kwenye maonyesho ya minada. Kila moja iliyokuvutia, andika *kwa nini*, kwa maneno ya kawaida: “mishale myembamba”, “uso mweupe wa maziwa”, “pembe zimeinama vizuri”. Ukishaandika kama ishirini hivi, soma orodha yote kwa pamoja. Utaona maneno yanajirudia. Maneno hayo yanayojirudia ndiyo ladha yako, hata kama hayafanani na saa uliyodhani unaitamani.

Umbo ni swali la kwanza la jicho. Wengi huzaliwa na mduara na kufa nao. Jaribu mstatili japo mara moja: Cartier Tank iliyochorwa mwaka 1917, au Jaeger-LeCoultre Reverso ya mwaka 1931, iliyobuniwa kwa Waingereza waliocheza polo India, ambayo kasha lake hugeuka kuficha kioo. Kwa mwenye mkono mwembamba, mstatili mara nyingi hutatua tatizo ambalo mduara umeshindwa.

Kioo nacho kina wafuasi. Yakuti ya viwandani haichubuki kirahisi, ila ikigongwa vibaya hupasuka. Plastiki ngumu ya zamani huchubuka kila wiki, na dawa ya kung'arishia huirudisha kwa dakika chache. Tena huupa uso joto fulani ambalo picha haionyeshi. Speedmaster inauzwa kwa aina zote mbili. Ziweke pamoja mezani, uinamie kwa upande, utajua papo hapo wewe ni wa kundi gani.

Halafu kuna historia, na hapa watu wetu wana mlango wao. Katika miaka ya 1970 Sultan Qaboos wa Oman aliagiza saa za Rolex na Patek Philippe zenye nembo ya khanjari, lile jambia la Oman, usoni, nyingi kupitia duka la Asprey la London, akazitoa zawadi kwa watu waliomtumikia. Katika Ghuba zipo pia zenye mwewe wa Falme za Kiarabu. Mnunuzi wa New York huilipia khanjari ile kwa uadimu wake. Kwa familia yenye matawi Maskati na Unguja, nembo ileile inabeba majina ya wajomba na miaka ya kuhama. Saa ya namna hiyo ikiwa imo nyumbani, usiiuze kwa bei ya saa ya kawaida, wala usimruhusu fundi yeyote aguse uso wake. Na ukiuziwa na mtu baki, jua kwamba khanjari ni miongoni mwa nembo zinazoghushiwa sana: nyuso za kawaida huchapwa nembo jana na kuuzwa leo kama za kifalme.

Swali la mwisho la jicho ni uzee. Kuna wanaotaka saa iliyobadilika: uso mweusi uliogeuka kahawia kwa jua, alama zilizoiva rangi ya samli. Kuna wanaotaka iwe kama imetoka kiwandani. Zote ni ladha halali, lakini usizichanganye kwenye saa moja. Kuipaka uso rangi mpya au kulisugua kasha la zamani mpaka kingo zake ziwe duara kunaondoa kile ambacho hakuna pesa ya kukirudisha. Tahadhari moja: saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zinazong'aa gizani zilipakwa radiamu, ambayo ina mionzi hatari. Zivae ukitaka, ila usizifungue mwenyewe, na usikwangue unga wake.

Hatua ya 5: Jiwekee kanuni fupi

Mkusanyiko bila kanuni ni droo tu. Kanuni iwe ya sentensi moja au mbili, na iwe na kitu inachokikataa. Mfano: “Chuma tu, chini ya milimita 39, bila tarehe.” Au: “Saa za kuzamia za miaka ya 1950 na 1960,” nawe utaanzia kwenye Blancpain Fifty Fathoms na Rolex Submariner, zote za mwaka 1953, hadi Seiko ya kwanza ya kuzamia ya mwaka 1965. Mwingine atachagua kampuni moja, au saa za mwaka aliozaliwa kila mtoto wake.

Weka pia idadi. Tano zinamtosha karibu kila mtu, na ikiingia ya sita, mojawapo itoke.

Hatua ya 6: Sasa toa pesa

Bei za saa za kifahari zilizotumika zilipanda mno hadi mwanzoni mwa 2022, kisha zikashuka. Walionunua Patek Nautilus 5711 kwa bei ya kilele, baada ya kampuni kutangaza mwaka 2021 kuwa inaacha kuitengeneza, waliona jinsi soko linavyoweza kugeuka. Nunua kwa pesa ambayo ikipungua nusu hutalala njaa wala hutaichukia saa. Mwanzo mzuri hauhitaji majina makubwa: Tudor, Longines, Nomos ya Glashütte nchini Ujerumani, na Seiko za daraja la juu zitakufundisha ladha yako kwa sehemu ndogo ya gharama.

Kwa wakala rasmi unapata uhakika na dhamana, lakini kwa mitindo inayogombaniwa utaandikwa kwenye foleni. Usikubali kununuliwa kwa foleni, yaani kuchukua saa mbili usizozipenda ili upewe ile moja. Hesabu jumla ya ulichotoa, utakuta mara nyingi iliyotumika ingekugharimu pungufu, tena ungeipata siku hiyohiyo.

Kwa saa iliyotumika, muuzaji ndiye unayemnunua kwanza. Uliza amekuwa kwenye biashara muda gani, zungumza na waliowahi kununua kwake, kisha fuata haya:

- Namba ya kasha ilingane na namba iliyo kwenye makaratasi. Sanduku na makaratasi huongeza thamani, lakini navyo hughushiwa, kwa hiyo visikupumbaze.
- Kifuniko cha nyuma kifunguliwe mbele yako na fundi saa wako, si wake. Feki za siku hizi zina uzito, kioo na mng'ao wa saa halisi. Mashine ndani ndiyo husema kweli.
- Iwekwe kwenye kifaa cha kupimia mwendo, na ipimwe ikiwa imelala na ikiwa imesimama. Tofauti kubwa kati ya milalo hiyo ni ishara kuwa inahitaji matengenezo.
- Uliza ilifanyiwa matengenezo lini na nani, ukitaka risiti. Isipokuwepo, toa gharama ya matengenezo kwenye bei.
- Usitume pesa kwa simu kwa saa ambayo hujaishika. Kutaneni benki au ofisini, mchana.

Ukinunua Dubai ukiwa msafiri, omba dukani kurudishiwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 5, na ukamilishe ombi hilo uwanja wa ndege kabla hujaondoka. Ukifika nyumbani, itangaze forodhani na uitunze risiti ya ushuru. Saa isiyo na karatasi za kuingia nchini itakusumbua siku ya kukata bima au kuiuza.

Hatua ya 7: Itunze kwa hali ya hewa yetu

Chumvi na unyevu wa pwani ni maadui wa kila siku. Ukitoka baharini, ioshe saa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na usisahau chini ya pete na katikati ya vipande vya mkanda. Usifungue sehemu ya kutilia ufunguo ikiwa imelowa. Mipira inayozuia maji huzeeka kimyakimya. Anayeogelea na saa yake aipime shinikizo kila mwaka.

Hifadhi zile usizozivaa mahali pakavu, pamoja na vile vifuko vidogo vinavyonyonya unyevu. Ziweke mbali na spika na vifuniko vya sumaku vya simu na tableti. Saa ikianza ghafla kuwahi kwa dakika kadhaa kwa siku, mshuku sumaku kwanza. Fundi mwenye kifaa huiondoa kwa sekunde chache. Matengenezo kamili hufanywa kila baada ya miaka 5 hadi 10, na ukimpa fundi saa ya zamani, mwandikie kwa kalamu: *usisugue kasha, usibadili uso wala mishale, nirudishie kila kipande kilichotolewa.*

Hatua ya 8: Weka daftari

Kila saa iwe na ukurasa wake: namba, picha za pande zote, bei, tarehe, jina la fundi, na sababu uliyoinunulia. Karibu na hapo weka alama kila siku unayoivaa. Mwishoni mwa mwaka daftari litakuonyesha ipi imekaa sandukuni miezi kumi. Hiyo iuze, au mpe mtu ambaye jicho lake limekuwa likiifuata. Kwenye ukurasa wa mwisho andika nani atarithi ipi na ina thamani gani kwa sasa, umwonyeshe mwenza wako au ndugu unayemwamini daftari lilipo. Warithi wengi wameuza kwa bei ya chakavu saa ambayo marehemu peke yake ndiye aliyejua ni nini.